Talaka ya Kodi

Jumanne, 5 Agosti

Semina ya asubuhi, ukumbi mdogo wa ghorofa ya tatu, feni moja inazunguka na ya pili imegoma. Watu wa bima, watu wa hisa, wawili watatu wa benki. Somo langu lile lile: kukwepa kodi ni kosa, kupanga kodi ni haki. Nimelisema miaka mingi hata ulimi unakwenda wenyewe na mimi nawaza mengine. Mwenye mshahara hana pa kujificha, anakatwa kabla pesa haijamfikia mkononi. Mwenye biashara ana pa kupumulia. Na wanandoa — hapo ndipo darasa huamka — wanandoa, sheria yetu inawahesabu kama mtu mmoja. Kipato cha mume kinabebeshwa juu ya kipato cha mke, halafu lundo lote linatozwa kwa ngazi ya juu. Ukiwa peke yako, unaanzia chini kabisa.

Jamaa mmoja wa bima akauliza kutoka nyuma: kwa hiyo mwalimu, dawa ni kuachana? Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikawaambia sheria huangalia hali yako siku ya mwisho ya mwaka wa kodi. Ukiamka tarehe thelathini na moja Desemba huna ndoa, basi hukuwa na ndoa mwaka mzima. Wakacheka zaidi.

Nimefika nyumbani sicheki. Nimepiga hesabu yetu sisi: mshahara wangu na komisheni zangu, na kliniki ya meno ya mume wangu. Kumbe tunatozwa faini ya kupendana! Tofauti peke yake ingenunua ile mashine ya picha za meno anayoililia tangu mwaka juzi, na ada ya Chiriku ingetoka humo humo.

Sijamwambia. Yuko sebuleni anamsaidia Chiriku biolojia. Wanabishana, wanacheka. Mtoto ana miaka kumi na sita na mdomo wa wakili.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia. Nilichagua wakati mbaya — alikuwa anapiga pasi koti lake la kazi.

Akauliza, unataka kuniacha kwa sababu ya kodi? Nikasema si kukuacha, ni karatasi tu. Tunaachana kabla ya mwisho wa mwaka, tunakaa hivyo mwaka mmoja au miwili, mkopo wa kliniki unaisha, tunafunga ndoa tena. Hakuna sheria inayotukataza. Watu wanapanga makubwa kuliko haya.

Akaizima pasi.

"Mke wangu, mimi nang'oa meno ya watu. Najua mtu akisema 'haitauma' ana maana gani."

Nikaleta laptopu. Nikamwonyesha jedwali, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaliangalia kama anavyoangalia jino bovu. Mwisho akasema fanya unavyoona, wewe ndiye mwenye kujua mambo haya. Akarudi kwenye koti lake.

Nimechukulia hiyo ni ndiyo.

Jumapili, 31 Agosti

Siku mbaya.

Mamlaka ya kodi si wajinga. Wakishuku, wanauliza majirani, wanauliza ndugu. Kwa hiyo ndugu lazima waamini. Nilimweleza baba Chiriku hivyo, akaniambia basi nenda wewe ukamdanganye mama yangu, mimi sitaweza. Nikaenda.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia mimi na mwanao tumeshindwana. Hakuinua macho mara moja. Halafu akauliza, amekukosea nini? Nikasema hajanikosea. Amekupiga? Hapana mama. Ana mtu nje? Hapana. "Basi mmeshindwana nini, mwanangu?" Sikuwa nimejiandaa! Nimewaandaa wateja chungu nzima kwa maswali ya wakaguzi, na sikujiandaa kwa bibi kizee na sinia la mchele.

Akasema atamwita mwanawe amchape. Mtu wa miaka hamsini kasoro! Alisema kwa dhati kabisa. Halafu akalia, akanishika mkono, akasema hata mkiachana wewe utabaki kuwa mwanangu, mimi sikukuoa kwa cheti.

Nimerudi kichwa kinaniuma.

Chiriku yeye tumemwambia ukweli, hawezi kudanganywa. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema: "Yaani mnaachana kwa uongo, ila mnawadanganya watu kwamba ni kweli." Nikamwambia si uongo, ni mpango. "Mama, unajisikiliza lakini?"

Baba yake alikuwa amesimama dirishani. Hakunisaidia.

Jumatano, 8 Oktoba

Amehama leo.

Hili pia ni wazo langu. Nimewafundisha watu mara ngapi! Afisa wa kodi hasomi karatasi peke yake, anatazama mambo yalivyo. Mkiandika mmeachana na miswaki yenu inalala kikombe kimoja, mmeshikwa. Kwa hiyo lazima aondoke kweli. Amepanga chumba juu ya duka la fundi cherehani, hatua chache kutoka kliniki. Analipa kodi ya pango ili tusilipe kodi ya mapato! Nilimwambia hivyo nikidhani atacheka. Alitabasamu kwa adabu.

Amechukua mto wake, redio, sufuria moja na nguo. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta alichokisahau, si kwa upole, kwa macho ya mkaguzi. Wembe. Miwani ya zamani. Dawa ya mgongo. Vyote nikavitia mfukoni nikampa. Akaniuliza, hata dawa ya mgongo? Nikasema hata hiyo.

Alipoondoka nikakuta kandambili zake uani. Nikamtuma Chiriku azipeleke. Amekwenda, amerudi, hajanisemesha mpaka sasa.

Kabati limebaki wazi nusu. Nafasi nyingi. Nimetundika magauni yangu kwa kuyaachanisha ili ijae.

Ijumaa, 7 Novemba

Mahakamani. Chumba kina joto, benchi la mbao linauma makalio, karani anatafuna kalamu. Tulikubaliana tuseme "hatuelewani" basi, tuishie hapo. Lakini hakimu alikuwa mama mmoja mwenye subira nyingi. Akamgeukia baba Chiriku, akamwambia baba, kutoelewana ni neno pana, nipe mfano.

Akafikiri. Halafu akaanza. Akasema, mke wangu huyu, nikizungumza hanisikilizi, ananisubiri nimalize. Nikimwambia jambo, kwanza analipiga hesabu. Niliwahi kumwambia nataka kufunga kliniki Jumamosi nipumzike, akanionyesha kwenye jedwali kupumzika kwangu kuna gharama gani. Sikufunga. Akasema, mheshimiwa, si mtu mbaya. Ila nikiwa nyumbani najiona kama kitu kilichoandikwa upande wa matumizi.

Hakimu akaandika. Karani akaacha kutafuna.

Tumepewa talaka.

Kwenye ngazi nikampiga bega, nikamwambia aisee, umeigiza vizuri! Hata mimi nimeamini.

Akasema, "Asante."

Asante tu. Akateremka.

Alhamisi, 20 Novemba

Bosi amejua. Alikuta jina langu kwenye mabadiliko ya bima ya wafanyakazi, akaniita kunipa pole. Bosi wetu tunamwita Asilimia, hawezi kumaliza sentensi bila kutaja asilimia. Akaniambia asilimia kubwa ya ndoa hupita mitihani. Nikamwonea huruma na pole yake — au tuseme ukweli, nilitaka kujisifu. Nikamweleza.

Macho yakamtoka! Akafunga mlango. Akataka jedwali. Akasema hii ni bidhaa, mama, hii ni bidhaa, tuna wateja wenye pesa wanaolia kila mwaka kuhusu ngazi ya juu, na tuna wiki chache kabla ya Desemba kuisha. Nikamwambia taratibu, si kila ndoa inafaa, na lazima watu watengane kwelikweli, la sivyo ni kukwepa, si kupanga. Akasema wewe andaa slaidi, maneno ya tahadhari tutayaweka chini kwa herufi ndogo.

Nimeandaa slaidi. Sitaficha humu: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nimekaa mezani nikasahau kuangalia simu kama amepiga.

Ameuita mpango wenyewe "Uhuru wa Kipato". Hata jina alikuwa nalo tayari!

Jumamosi, 6 Desemba

Ukumbi wa hoteli, viti vya kitambaa, kahawa ya bure. Wateja wakubwa na wake zao. Nimewasilisha. Mwisho Asilimia akapanda mwenyewe akasema, na huyu mnayemwona mbele yenu amefanya kwake, hauzi asichokula. Wakanipigia makofi.

Nilipigiwa makofi kwa kuachika!

Mke wa mwenye viwanda vya mbao akanifuata pembeni. Mama mnene mpole, pochi ameikumbatia kama mtoto. Akauliza kwa sauti ya chini, dada, ni karatasi tu, sivyo? Nikamwambia ni karatasi tu.

Alhamisi, 1 Januari

Jana ulikuwa mwisho wa mwaka wa kodi. Imetimia. Kisheria mimi ni mtalaka wa mwaka mzima, hata kwa ile miezi tuliyolala kitanda kimoja.

Baba Chiriku alikuja jana jioni. Nilipika. Tulikula watatu, akatania, akaosha vyombo bila kuombwa — nyumbani hajawahi! Nikawaza hiki ndicho kilichobadilika, tumekumbukana. Jirani zetu wote walikuwa wamesafiri. Nikamwambia leo unaweza kulala, mwaka umeisha, nani atakuona.

Akasema ana mgonjwa asubuhi.

Tarehe moja! Nani anang'olewa jino tarehe moja Januari?

Akavaa viatu. Chiriku akamsindikiza hadi getini, wakakaa huko kuongea muda mrefu. Nilizima taa ya jikoni ili nisionekane nachungulia.

Jumanne, 20 Januari

Hajaja wiki hii. Ujumbe mmoja wa simu: "Habari za kazi? Mtoto hajambo?"

Habari za kazi!

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda chumbani kwake bila taarifa. Niandike tu, hakuna anayesoma: nilikwenda kutafuta mwanamke. Njiani nilishapanga maneno yote. Nilijua hata atakavyokuwa — msaidizi wake wa kliniki, yule wa kucha ndefu.

Ngazi za nje, mashine za fundi cherehani zinanguruma chini. Nikasikia mlio. Ting, ting, ting, unakosea, unaanza upya. Nikagonga. Akafungua, akashtuka, akasema karibu.

Hakuna mwanamke. Nilikagua kwa macho kila pembe, ni kazi yangu. Kitanda kimetandikwa. Kikombe kimoja. Taulo moja. Mezani kinanda, cha mtumba, vitufe viwili vimeng'oka. Anajifunza. Anafuata video kwenye simu, kila Jumapili na kila Jumamosi mchana — kwa sababu Jumamosi mchana sasa anafunga.

Nikamkumbusha, si uliwahi kutaka kununua kinanda? Akasema ndiyo, ukaniambia kinashuka thamani kila mwaka. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua pa kushika.

Akanipa chai kwenye kikombe, yeye akanywea kwenye chupa tupu ya jamu. Amenenepa kidogo usoni. Mgongo, akasema, haumwi tena. Dawa hata hajaifungua.

Mungu wangu, ningeshukuru angekuwepo mwanamke! Mwanamke unamnunia, unamsema, unashindana naye. Mimi nashindana na nani? Na kitanda cha futi tatu na nusu?

Nikamwambia turudiane. Tuache huo mwaka wa pili, tufunge ndoa mwezi ujao, tulipe tu kama watu wengine.

"Si ulisema miaka miwili?"

"Nimebadilisha mpango."

Akazungusha ile chupa mikononi. Akasema taratibu, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano:

"Mimi sijabadilisha."

Jumatatu, 9 Machi

Mama mkwe alipita kumletea Chiriku sweta. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Akanisalimia, "Hujambo, mama Chiriku?"

Miaka yote ananiita mwanangu.

Nilitaka kumwambia, mama, ilikuwa uongo, mimi na mwanao tulikula njama. Mdomo ukafunguka. Ukafunga. Maana nikisema ilikuwa uongo, ataniuliza basi mbona yuko kule?

Jumanne, 31 Machi

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi. Nimejaza yangu na yake — bado mimi ndiye mshauri wake. Hali ya ndoa: nimechagua nilichotakiwa kuchagua, mara mbili. Kompyuta haikuuliza kitu. Akiba imetoka kama nilivyokokotoa Agosti, haikukosea hata kidogo. Mimi si mtu wa kukosea.

Mashine imenunuliwa kwa mkopo wa muda, akiba italipa. Amenitumia picha ya kwanza aliyoipiga, taya lake mwenyewe, meno yote yanameremeta gizani. Chini ameandika: "Inafanya kazi vizuri sana. Asante kwa ushauri."

Ushauri! Kwa nini asitume na risiti?

Jumatano, 22 Aprili

Imelipuka.

Mamlaka imewaandikia barua wote. Wateja tisa wa "Uhuru wa Kipato", na sisi. Watu wenye vipato vikubwa, mahakama moja, mwezi mmoja, mshauri mmoja — hata mtoto angeshtuka. Na wajinga wale! Sita kati yao hawakuhama hata siku moja. Mmoja alimpokea afisa mlangoni na taulo kiunoni, mkewe aliyemwacha akiwa nyuma anauliza nani huyo, mpenzi.

Asilimia ameniita. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mwanasheria wa kampuni. Akaniita jina langu kamili. Akasema kampuni imesikitika kugundua kwamba nilikuwa natoa ushauri wangu binafsi kwa wateja. Binafsi! Nikamwambia bosi, ukumbi ulilipia wewe, jina ulilitunga wewe, ulinipigia makofi. Akasema hakumbuki hayo. Mwanasheria akasema itakuwa vyema kila mtu akizungumza kupitia wakili wake.

Nimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Nimetoka na boksi: kikombe, viatu vya akiba, cheti changu kwenye fremu. Wale vijana niliowafundisha mimi mwenyewe tofauti ya kukwepa na kupanga wakawa wanatazama skrini zao kwa bidii ambayo sijapata kuiona.

Alhamisi, 23 Aprili

Mke wa mwenye viwanda vya mbao amepiga. Yeye hana tatizo na mamlaka. Mume wake alihama kweli — alihama na nyumba, na gari, na amefunga ndoa na mwingine mwezi uliopita. Halali kabisa, cheti cha talaka anacho.

Hakunitukana. Alilia tu, na kati ya kilio akawa anarudia: "Dada, ulisema ni karatasi. Dada, si ulisema?"

Nilibaki na simu sikioni mpaka akakata mwenyewe.

Jumanne, 5 Mei

Kesho tunahojiwa. Kila mtu peke yake, mmoja baada ya mwingine.

Amekuja mchana tupange la kusema. Alikaa kiti kile kile alichokuwa akikaa, nikaona kama ameomba ruhusa kwa macho kwanza. Chiriku hakutaka kutoka, nikamwacha.

Nikaeleza kama ninavyowaeleza wateja, maana sijui namna nyingine. Tukisema talaka ni ya kweli — ametengana nami, ana chumba, ana maisha yake, mama yake anashuhudia — tunatoka salama. Hatudaiwi kitu, leseni yangu inabaki, Asilimia hana pa kunishikia. Ila hatuwezi kurudiana, si leo wala miaka ya karibuni, maana tukirudiana tumejitia kitanzi wenyewe. Tukisema ni ya uongo, tunarudisha yote na faini juu, mashine inauzwa, mimi kazi hii basi, nitauza vitafunwa. Ila tunaweza kwenda kufunga ndoa hata Ijumaa.

Akasikiliza. Sikumharakisha, nilimpa nafasi. Namsikiliza siku hizi! Akasema:

"Mimi nitasema ukweli."

Nikamuuliza ukweli upi.

"Kwani iko mingapi?"

Chiriku akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Akanigeukia. "Mama, wewe unataka baba aseme nini kesho?"

Nikafungua mdomo. Wote wawili wakaningoja. Nilikuwa na jibu, naapa nilikuwa nalo hapa hapa kwenye ulimi, halafu nikasikia nasema kwamba inategemea na jinsi afisa atakavyouliza.

Baba Chiriku akainuka. Akasema tuonane kesho asubuhi, tusichelewe.

Chiriku amejifungia chumbani kwake.

Jumatano, 6 Mei

Naandika nikiwa ukumbini, ofisi ya mamlaka, ghorofa ya pili. Bora mikono ishike kalamu. Viti vya plastiki vimefungwa pamoja mstari mmoja. Ukuta una bango: Kulipa Kodi ni Kujenga. Watu wengine wawili wanasinzia na mafaili mapajani.

Alifika kabla yangu. Shati jipya, silijui. Tukasalimiana kwa mkono — kwa mkono! — maana afisa alikuwa amesimama mlangoni. Dada mdogo tu, sauti laini, viatu bapa. Angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Kwa kweli nadhani alikuwa, semina ya mwaka juzi, alikaa mbele na kuandika kila neno.

Ameitwa yeye kwanza.

Mlango ni wa ubao mwembamba. Sauti yake naisikia, maneno siyasikii. Anaongea muda mrefu. Mahakamani pia aliongea muda mrefu.

Amecheka. Afisa naye amecheka. Wanacheka nini humo?

Nimejaribu kupanga nitakachosema. Mimi ndiye mtaalamu, nina majibu ya kila swali kuhusu makazi, akaunti, bili za umeme. Kinachonishinda ni kwamba siombi tushinde. Naomba aseme ni uongo. Aseme yule ni mke wangu, tuliigiza, tutozeni. Watoze chochote! Wachukue mashine, wachukue leseni, wachukue na hili shati jipya. Maisha yangu yote nimefundisha watu namna ya kutolipa na leo nimekaa kwenye kiti cha plastiki naomba Mungu nitozwe faini.

Kimya sasa. Kiti kimeburutwa.

Ametoka. Afisa amesimama nyuma yake, faili kifuani, anatutazama. Baba Chiriku amekuja mpaka kwenye mstari wa viti. Amekaa. Si karibu nami — ameacha kiti kimoja katikati yetu, kitupu. Anaangalia mbele. Sijui ni kwa sababu afisa anatuona, au ndivyo anavyokaa nami siku hizi. Nimemwangalia usoni nione. Nimeishi na uso huu miaka ishirini na siwezi kuusoma.

"Mama," afisa ameniita, "karibu ndani."

Nimemuuliza kwa sauti ya chini, umesema nini?

Amesema nenda tu, usiogope, haitauma.